Chumba Kisichomo Ramanini

“Wifi!”

Ndiyo sauti tuliyoiacha ikiita wiki iliyopita, ikitokea nyuma ya rafu ya maboksi ya viatu, mahali ambapo kila mtu aliapa pana ukuta mtupu. Na kama gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, nikukumbushe upesi upesi, maana mle ndani hewa inaisha.

Mama Mkwe si mfanyakazi wa kiwanda cha viatu. Ni mwigizaji. Jina lenyewe kalipatia jukwaani, kwa kuigiza mama mkwe mkorofi hadi watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake. Meneja wa kiwanda alikodi kikundi chao kizima kwa siku moja. Wavae aproni zilizopigwa pasi, wakae kwenye cherehani mpya, watabasamu, wamwambie Mkaguzi aliyetumwa na kampuni kubwa ya ng'ambo inayonunua viatu hivyo kwamba hapa kazi ni raha mstarehe. Wafanyakazi wenyewe, Meneja alisema, wamepewa likizo ya siku moja yenye malipo.

Mama Mkwe aliamini. Tena alifurahi, kwa sababu dada mdogo wa mumewe hupaka gundi kwenye soli humo humo kiwandani, na tangu asubuhi alikuwa akimwazia yuko kitandani, miguu juu, anaukoroma mchana wa watu.

Kumbe wifi yake yuko nyuma ya rafu!

Moyo ulimlipuka. Uso haukusema kitu. Miaka ya jukwaani haiendi bure.

Akatupa jicho. Mkaguzi, mama mrefu wa kigeni mwenye nywele fupi za mvi, alikuwa ameinamia cherehani ya jirani, ambako Dairekta wa kikundi chao alikuwa akishona kiatu juu chini kwa kujiamini kabisa. Meneja na Mkalimani walikuwa wamemganda Mkaguzi kama kivuli.

Mama Mkwe akajifanya anapanga maboksi. Akaingiza shavu katikati ya boksi na boksi.

“Wewe! Si mko likizo?”

“Likizo gani, wifi! Wametusukumia humu asubuhi, wakatia kufuli. Feni wamezima zisisikike huko kwenu. Na mapipa ya gundi wameyaficha humu humu. Watu wanatapika. Wengine ukiwaita hawaitiki.”

“Sasa si mpige kelele?”

“Nani apige? Meneja kasema atakayesikika asirudi tena kazini.”

Hapo mtu mle ndani akakohoa. Kikohozi kirefu, kikavu, cha mtu anayetafuta pumzi.

Mkaguzi akainua kichwa.

Meneja naye akakohoa papo hapo, tena kwa nguvu, huku akijipiga kifua. Na hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika, kwa sababu waigizaji walidhani wamepewa ishara. Dairekta akakohoa. Wa nyuma yake akakohoa. Ukumbi mzima ukakohoa, mpaka bibi mmoja wa mstari wa mwisho akajiongezea na chafya.

Mkaguzi alisema neno. Mkalimani, bwana mwenye tai nyekundu na sauti laini, akalifasiri: “Anauliza, mnaumwa?”

“Vumbi tu la ngozi!” Meneja alicheka. “Barakoa mpya zinakuja wiki ijayo.”

Kisha akamsogelea Mama Mkwe, meno yote nje, akamnong'oneza bila kuyafunga hayo meno.

“Nimekuona ukiongea na ukuta.”

“Bosi, mle ndani kuna watu wanakufa.”

“Hakuna anayekufa. Wamezoea. Mgeni akimaliza, anakwenda zake na mlango unafunguliwa. Wewe endelea na mchezo wako.”

“Nisipoendelea?”

“Basi nitaanza kumfukuza huyo aliyekuita wifi. Halafu waliobaki. Utawalisha wewe?”

Alimpata pabaya. Kikundi chao kilikuwa hakijapata ukumbi kwa muda mrefu, na mumewe alikuwa hana kazi. Chakula kilichopikwa nyumbani kwao jana kilitoka kwenye vidole vya wifi, vidole vilivyobabuka kwa gundi. Akimtoa wifi mle ndani, anautoa na mkate midomoni mwao.

Mama Mkwe akarudi kwenye cherehani yake. Akakaa. Akashika kipande cha ngozi.

Kutoka nyuma ya rafu kitu kizito kikaanguka sakafuni. Si boksi. Boksi halilii linapoanguka.

Hakungoja tena. Alinyanyuka, akaenda moja kwa moja hadi alipo Mkaguzi, akamshika mkono.

“Mama, nisikilize. Nyuma ya ile rafu kuna chumba. Kimejaa watu. Wamefungiwa na gundi, hawana hewa. Wafungulie mlango sasa hivi, tafadhali!”

Meneja aliganda. Mkalimani hakuganda. Alirekebisha tai yake, akamgeukia Mkaguzi na kuyamimina maneno kwa ile lugha yao, polepole, kwa adabu, akionyesha rafu kwa kiganja kilichofunguka.

Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuelewa. Akatabasamu. Akaandika kitu.

Mama Mkwe alimkodolea macho. Hivyo ndivyo anavyotabasamu mtu aliyeambiwa kuna watu wanakufa?

Mkaguzi akafunga kalamu yake. Akamtazama Mama Mkwe usoni, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kama rula:

“Mkalimani ameniambia kwamba unaomba rafu kubwa zaidi.”

Mkalimani alimeza mate hadi tai ikapanda na kushuka.

“Nimeishi na lugha hii muda mrefu kuliko wewe ulivyoishi na hiyo suti,” Mkaguzi alimwambia. “Huwa nakubali kupewa mkalimani. Napenda kujua ni mambo gani hayafasiriwi.”

Mama Mkwe alitaka kumkumbatia. “Basi umenielewa! Twende! Ufunguo anao Meneja!”

Lakini Mkaguzi hakusogea.

Alikunjua karatasi kubwa, ramani ya jengo, akaitazama kama mtu anayetazama kidonda chake mwenyewe.

“Mlango huo haumo humu,” alisema. “Nimetumwa kukagua vyumba vilivyomo. Kisichomo, kampuni yangu haikijui. Na haitaki kukijua.”

“Haitaki?” Mama Mkwe alidhani hakusikia vizuri. “Mama, watu si wamo? Ramani haiwaoni, lakini wewe umewasikia wakikohoa!”

“Niliwasikia.” Sauti ya Mkaguzi ilishuka. “Nisikilize na wewe. Kuna kiwanda kingine, mbali na hapa. Niliufungua mlango kama huu. Nikapiga picha, nikaandika kila kitu. Unajua kampuni ilifanya nini? Iliacha kununua pale. Ikatangaza kwamba inajali sana haki za binadamu, ikapigiwa makofi. Kiwanda kikafungwa. Wale niliowatoa chumbani wakabaki barabarani. Mmoja wao alinifuata hadi hotelini kuniuliza, ‘Ulitufungulia ili twende wapi?’ Mpaka leo sijapata la kumjibu.”

Meneja alisikia hayo, damu ikamrudi usoni. “Mama mkubwa anaijua dunia,” alisema kwa unyenyekevu. “Bei wanayotupa wao, siku za kumaliza mzigo wanazotupa wao, halafu wanataka tuwe na madirisha! Twende ofisini, mama. Tupumzike kidogo.”

Na Mkaguzi, msomaji wangu, akageuka kwenda ofisini.

Mama Mkwe alikimbilia ukutani. Palikuwa na kengele ya moto, nyekundu, inang'aa. Akaivunja kioo kwa kiwiko, akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena, akaivuta. Kengele yote ikamtoka mkononi. Nyuma hapakuwa na waya hata mmoja. Ilikuwa imebandikwa kwa gundi.

Akanyakua mtungi wa kuzimia moto ili avunjie mlango. Ukaja mwepesi kama debe tupu, maana ulikuwa debe tupu lililopakwa rangi. Alisimama nao kifuani, akaugeukia ukumbi ule msafi, zile cherehani za kukodi, yale matabasamu ya kukodi. Kila kilichokuwamo kilikuwa cha maonyesho.

Basi vizuri. Kama hapa ni jukwaani, yeye ni mwenyeji.

“PAZIAAA!” alipiga ukelele.

Katika kikundi chao neno hilo lina maana moja tu. Onyesho limekwisha, gari linangoja, kila mtu abebe cha kubeba. Hakuna kuuliza. Dairekta alikitupa kile kiatu chake cha juu chini kabla hajajua anafanya nini. Waigizaji wakaruka kutoka kwenye viti.

“Rafu hiyo! Itoeni! Wifi yangu yuko nyuma yake, na wenzake! Wamefungiwa!”

“Msiguse!” Meneja alirudi mbio. “Mmesaini mkataba!”

“Mkataba ulisema vichekesho,” Dairekta alimjibu, na jasho likimtoka. “Mimi sioni cha kuchekesha hapa.”

Maboksi yakaporomoka. Viatu vipya vikatapakaa sakafuni, vizuri, vyekundu, vya watoto. Nyuma ya rafu kukatokea mlango wa bati na kufuli kubwa. Dairekta akainua kigoda cha chuma, akapiga. Akapiga tena. Bati likajikunja, komeo likang'oka na kufuli lake.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Ilikuja kama ukuta. Waigizaji wawili walirudi nyuma wakijishika pua.

Kisha wakatoka watu. Walikuja wameshikana mabega, macho mekundu, midomo mikavu. Mwanamke mmoja alitambaa. Mwanamume mzima alitoka akilia bila sauti na wala hakujua kwamba analia. Wifi alikuwa katikati yao, kitambaa cha kichwa amekifunga mdomoni.

“Wifi yangu!” Mama Mkwe alimkumbatia. Mwili ulikuwa wa moto, unatetemeka. “Pole. Pole, mama. Umetoka. Imekwisha.”

Haikuwa imekwisha.

Mkaguzi alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Sasa ameona kwa macho yake, na aliyeona hawezi tena kusema hakimo ramanini. Alikuja taratibu hadi mbele yao.

“Nani aliwafungia humu?” aliuliza.

Kabla hajajibiwa, Meneja alipanda juu ya boksi. Hakufoka. Aliongea kama baba anayewaonea huruma wanawe.

“Jamani, jibuni. Mgeni ameuliza. Mwambieni mnavyoteseka. Aandike, apeleke kwao, mzigo wetu ufutwe, na kesho tukutane wote nje ya geti hili likiwa limefungwa. Mimi nitapata kazi kwingine. Jibuni!”

Watu wakatazama miguu yao.

Mkaguzi akamgeukia wifi, aliyekuwa bado mikononi mwa Mama Mkwe.

“Wewe, binti. Mama huyu anasema wewe ni wifi yake. Anasema mlifungiwa. Ni kweli?”

Wifi alimtazama Meneja. Akawatazama wenzake. Mmoja wao, mzee wa mashine ya kukata ngozi, alimtikisia kichwa kidogo sana, kama mtu anayeomba.

Mama Mkwe alihisi mikono ya wifi ikimwachia mgongo. Kwanza mmoja, kisha wa pili.

“Mlango ulijifunga wenyewe,” wifi alisema. “Tulikuwa mapumzikoni.”

“Na mama huyu?”

“Simjui.”

Mama Mkwe ametukanwa kwenye kumbi nyingi. Amewahi kutupiwa ndala na watazamaji. Lakini neno lile dogo lilimwingia mahali ambapo hakujua kwamba bado pana uwazi.

“Wifi…”

“Simjui mimi! Mbona ananing'ang'ania?”

“Walinzi!” Meneja aliagiza. “Mtoeni huyu mama. Wafanyakazi, nendeni uani mkapate hewa. Na mlango huo urudishieni.”

Walinzi wawili wakamkamata Mama Mkwe, mmoja kila kwapa. Hakushindana nao. Angeshindana kwa nguvu gani? Wafanyakazi wakaanza kupita mbele yake kwenda uani, wakijikongoja, kila mmoja akimkwepa macho.

Wifi alipofika usawa wake, akajikwaa. Akamwangukia begani. Na katika ule mwanguko akanong'ona, haraka, bila kutikisa midomo, mpaka mtu angedhani naye ni wa jukwaani:

“Nisamehe. Mwenzangu wa mezani hajatoka. Yule mjamzito. Nimemlaza nyuma ya mapipa, hakuweza kusimama.”

Akainuliwa, akasukumwa mbele na wengine.

Mama Mkwe aligeuza shingo. Mlinzi wa tatu alikuwa anausukuma ule mlango wa bati ujifunge, na mwingine anaanza kuirudisha rafu.

“Bado yuko mmoja!” alilia. “Ana mimba! Yuko nyuma ya mapipa! Msifunge!”

“Wote wametoka,” Meneja alisema.

“Hawajatoka wote! Mama Mkaguzi, kwa jina la mtoto wako kama unaye, ingia uangalie!”

Mkaguzi akasita. Akautazama mlango. Meneja akaona kusita kule, na hofu ikamfanya aongeze neno moja ambalo asingepaswa kuliongeza.

“Mama, usimsikilize huyu! Huyu ni mwigizaji! Kulia ndiyo kazi yake, analipwa kulia! Muulize mtu yeyote mjini humu!”

Neno likatoka. Halikurudi.

Dairekta akaziba mdomo wake kwa mkono. Mkalimani alifumba macho.

“Mwigizaji?” Mkaguzi alirudia, taratibu. “Asubuhi hii uliniambia ameshona humu kiwandani miaka tisa.”

Meneja alimtupia jicho Mkalimani. Mkalimani akaanza kurudi nyuma, kuelekea mwisho wa ukumbi.

“Na hawa wengine? Nao ni wa miaka tisa?” Mkaguzi aliikunja ramani yake, mara moja, mara mbili, mpaka ikawa ndogo, akaitia mfukoni. “Mwachieni huyo mama. Ninyi wa rafu, ondokeni hapo. Fungua huo mlango.”

“Huna mamlaka!”

“Sina,” alikubali. “Fungua.”

Walinzi wakatazamana. Waigizaji hawakungoja watazamane vya kutosha. Dairekta alijifunga aproni usoni, akaipiga rafu teke na kujitosa ndani ya ile harufu, wenzake wawili nyuma yake. Wifi aliuona mlango ukifunguka, akajichomoa kwenye msururu wa uani, akarudi mbio. Hakumkwepa tena Mama Mkwe macho. Alikuja akasimama kando yake na kumshika mkono mbele ya kila mtu.

Hapo simu ikalia.

Ilikuwa ya Mkaguzi. Alipoona jina kwenye kioo, rangi ikamtoka. Na kule mwisho wa ukumbi Mkalimani alikuwa anairudisha simu yake mfukoni, polepole, kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi.

“Makao makuu,” Mkaguzi alisema.

Akapokea. Akasikiliza. Sauti ya mwanamume ilisikika kwa mbali, tulivu, ya mtu aliyekaa mahali penye kiyoyozi. Mkaguzi alijibu maneno machache kwa lugha yao, kisha akaikinga simu kwa kiganja.

“Anasema nitoke humu sasa hivi, nipande gari. Anasema nikiwa sijaingia kile chumba, kampuni haijaingia. Nikiingia, hakuna wa kunitetea.”

“Na wewe unasemaje?” Mama Mkwe aliuliza.

Mkaguzi aliutazama ule mlango wa bati. Huenda alimkumbuka yule aliyemfuata hotelini. Kisha akabonyeza kitufe, sauti ya yule bwana ikajaa ukumbini, akainyoosha simu hadi kwenye mdomo wa Mama Mkwe.

“Miaka yote hii nimewaambia mimi, hawajasikia,” alisema. “Mwambie wewe. Mwambie mzigo usifutwe, na milango isifungwe. Mwambie vyote viwili. Nitamfasiria neno kwa neno, sitaacha hata moja.”

Mama Mkwe aliitazama ile simu. Maisha yake yote amesema maneno aliyoandikiwa na watu wengine. Alivuta pumzi aanze.

“Nipisheni!”

Dairekta alitokea mlangoni, machozi ya gundi yakimtiririka, amembeba mwanamke mikononi. Tumbo lilikuwa juu, kubwa. Kichwa kilikuwa kimelala nyuma, na mkono mmoja ulining'inia ukigonga goti la Dairekta kila alipopiga hatua. Akamlaza sakafuni, juu ya vile viatu vya watoto, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Wifi akapiga magoti. Akaweka sikio kifuani kwa mwenzake. Akalihamishia tumboni. Akaliacha hapo, amefumba macho, anasikiliza.



Na simu ikaongea tena. Ile sauti tulivu iliuliza jambo fupi, ikanyamaza kungoja jibu.

Mkaguzi aliishika simu kwa mikono miwili.

“Anauliza,” alifasiri, “kama kuna tatizo lolote.”